Kivuli Kilichopungua Ghafla

Kila siku saa sita mchana, wenzangu wakikimbilia mpira, mimi hukimbilia kijiti. Ndiyo maana wananiita Rula. Mwalimu wa sayansi alisimamisha kijiti cha mita moja katikati ya uwanja wa shule, akanipa kazi ya kupima kivuli chake na kuandika daftarini. Ijumaa daftari lingekwenda kwenye maonyesho, nami ningelieleza mbele za watu. Baba, fundi cherehani asiyefunga duka hata akiumwa, aliahidi kufunga ili aje kuniona.

Jumatatu kivuli kilikuwa sentimita thelathini na moja. Jumanne, thelathini na moja. Jumatano, thelathini. Alhamisi, ishirini na mbili!

Nikapima tena. Ishirini na mbili. Nikageuza rula, kana kwamba ina upande wa uongo. Ileile.

"Mbona umeduwaa?" akauliza jirani yangu wa dawati, tunayemwita Chapuchapu.

"Kivuli kimepungua."

"Labda jua limesogea karibu."

"Si tungeungua?"

"Basi dunia imeyumba," akasema, akacheka peke yake.

Nilitazama mawingu, nikatazama saa, sikuona kilichoharibika.

"Andika ishirini na tisa, yaishe," akaninong'oneza. "Unataka kuchekwa kesho?"

Nami, jamani, nikaandika! Nikafuta ishirini na mbili, nikaandika ishirini na tisa kwa mwandiko mzuri kupita siku zote. Jioni baba alinionyesha shati alilolipiga pasi kwa ajili ya maonyesho. Niliona aibu, na bado sikuelewa kivuli kimekwenda wapi.

Asubuhi niliingia ofisini kwa mwalimu mbio.

"Mwalimu, nimedanganya," nikasema hata kabla ya shikamoo. Nikamweleza yote. "Kama daftari haliendi, basi lisiende."

Mwalimu aliinuka. Alichukua futi, tukatoka uwanjani. Ajabu, hakupima kivuli. Alipima kijiti.

"Sentimita sabini na tano," akasoma.

Nikazidi kuchanganyikiwa. Kijiti nacho kinapungua?

Mzee wa usafi alikuwa akifagia karibu. "Ah, mjukuu wangu, kilikuwa kinalegea," akasema kwa fahari. "Jana asubuhi nilikigongea ardhini kwa jiwe. Sasa hata ng'ombe hakiangushi!"

Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. "Ahsante, mzee, lakini umetufupishia kivuli!"

Kisha akanigeukia. "Ishirini na mbili yako ilikuwa sahihi. Kijiti kikifupika, kivuli nacho hufupika. Usingeniambia, tusingejua. Kutoelewa si kosa, binti yangu. Kosa ni kuficha ulichokiona kwa sababu hukielewi."

"Daftari linakwenda?"

"Linakwenda. Lakini ile ishirini na tisa usiifute. Ikate kwa mstari mmoja, isomeke, uandike ukweli pembeni."

Kwenye maonyesho nilisimama mbele ya watu na daftari langu. Nilieleza kivuli, jiwe la mzee, na uongo wangu pia. Baba alisogea, akaufuata mstari ule kwa kidole hadi mwisho.

"Vivuli vilivyobaki navyo nitaviamini," akasema, "maana aliyeviandika anakiri akikosea."

Akaanza kupiga makofi, yeye wa kwanza.