Chachu Kwenye Begi la Merdi

Kifuniko kiliruka katikati ya msongamano, pale watu wanapogombania pirogi, mitumbwi ya kuvuka mto kwenda Lubunga. Ujiuji mweupe ulifoka kutoka chupa ya Nadège, ukalimwagikia begi la kijana aliyesimama nyuma yake.

"Iko nini hii? Iko muzima?" kijana aliruka.

"Iko levain, chachu ya mukate. Joto imeiamsha." Nadège alipangusa begi kwa ncha ya liputa, kitenge chake cha kijani. "Pardon, papa."

"Papa ya nani? Niko Merdi. Alors, hiyo mukate nitaionja lini?"

Aliuonja Jumapili ile: mkate wa kusuka, nyuzi tatu kama nywele za mtoto wa shule, ganda la kahawia, ukali kidogo ulimini. Akarudi tena, na tena. Hakuwa anafuata mkate.

Chachu ile Nadège aliachiwa na marehemu mama yake. Kila asubuhi aliilisha unga na maji kabla yeye hajanywa chai.

"Niko na wivu na hii chupa," Merdi alimtania. "Inakula kwanza, mbele yangu."

"Ilikuja mbele yako, chéri."

Kisha Nadège akaenda msibani Isangi, akamwachia Merdi chupa. Hakumweleza kuwa ikishikwa na njaa hutoa maji, alidhani kila mtu anajua. Maji ya kijivu yakaelea juu, yakanuka kama siki. Merdi akaona imeoza. Akaimwaga, akasugua chupa kwa sabuni hadi ikang'aa.

"Chachu iko wapi?" Nadège aliuliza siku aliyorudi.

"Iliharibika, chérie. Lakini chupa niliisukula muzuri!"

"Ulisema uko na wivu nayo."

"Nilikuwa nacheka tu!"

"Ile ndiyo mama aliniachia, Merdi. Usinipigie tena simu."

Merdi alipiga. Simu iliita mpaka ikakata.

Mama yake Merdi, Mama Françoise, hakuwa na muda wa huzuni. "Lia, lakini fua hilo begi. Tangu siku ya pirogi linanuka chachu."

Merdi akainua kichwa. Akalivuta begi. Kwenye mshono kulikuwa na utando mkavu. Aliukwangua kwa kisu, akautia maji vuguvugu na unga. Kimya. Akalisha tena, na kesho yake tena, mpaka asubuhi moja povu likainua kifuniko.

Alibisha kwa Nadège akiwa na shati la Jumapili, chupa kifuani.

"Nusa tu. Kisha unifukuze."

Alinusa. Mabega yake yakashuka. "Ni yenyewe! Umeitoa wapi?"

"Kwenye begi. Ulinimwagia mwenyewe."

Alicheka huku machozi yakimtoka, akamvuta ndani, akampa donge la unga asuke.

"Mukate gani huu? Kamba ya mbuzi?" Nadège alimcheka.

"Ya kukufunga wewe. Mama anauliza, nije kwenu lini na matonton, wajomba zangu, kukuposa?"

Nadège aligawa chachu katika chupa mbili. "Moja ikae kwa mama yako. Sitaki tena kutegemea moja."

"Donc, umekubali?"

"Waje Jumamosi."

Merdi akapiga simu akipaza sauti: "Mama, amekubali!"

"Vizuri," alijibu Mama Françoise. "Sasa fua begi."