Bati Lililotangulia Mkono

Bati lilinguruma kabla halijaguswa.

"Mama Vishindo, umewahi!" mwongozaji alilalamika nyuma ya kioo. "Si nimesema usubiri mkono wangu?"

"Sijaligusa."

"Basi limejipiga lenyewe. Haya, tunarekodi upya: mlevi akishasema 'Fungua mlango', ndipo radi."

Waigizaji wakacheka. Mama Vishindo hakucheka. Miaka kumi na tano alikuwa akitengeneza sauti za michezo ya redio: vifuu vya nazi vilikuwa kwato za farasi, gunia la kokoto lilikuwa nyayo, na bati lililoning'inizwa kwa waya lilikuwa radi. La zamani lilikuwa limeliwa na kutu. Hili alilichagua mwenyewe kwa muuza vyuma chakavu, akiyagonga mabati moja moja kwa kidole kama mtu anayechagua tikiti maji. Muuzaji alimwonya kwamba limetoka kwenye nyumba iliyopigwa radi, watu wakafia ndani. Lakini lilikuwa na sauti ya kutikisa kifua, naye kazi yake ilikuwa sauti.

Sasa chumba kilinuka nywele zilizoungua.

Mchana huo nyumbani, binti yake aliinua macho kutoka kwenye daftari. "Mama, umeme!"

Nje jua lilikuwa kali, wingu hata moja hakuna. Mtoto akaanza kuhesabu, kama alivyofundishwa tangu mdogo ili asiogope: unahesabu toka umeme umulike hadi mshindo, na namba ikiwa kubwa, radi iko mbali. Alifika kumi na mbili.

Kesho yake alifika nane. Keshokutwa yake, tano.

"Inakuja kwetu, eti mama?"

"Hebu maliza kazi ya shule."

Asubuhi iliyofuata alimpeleka mganga studio, mwanamke mfupi mwenye miwani. Mganga akaweka sikio kwenye bati, akarudi nyuma upesi.

"Dada, yumo," alinong'ona. "Jini huyu huja akisikia mshindo wake. Kila siku unamwita, halafu unaenda zako nyumbani. Naye anakufuata."

"Nifanyeje?"

"Tulizike. Na sauti hii isisikike tena."

Wakalizika siku hiyohiyo. Harufu ikakoma. Siku tatu pakawa shwari, akapata hata nafasi ya kufua nguo zilizorundikana wiki nzima.

Jumamosi alasiri alikuwa akipiga pasi sare ya shule, binti amekaa dirishani, pale muziki wa kufungulia mchezo wao wa redio ulipopenya kutoka kwa jirani, na kwa jirani wa pili, na kwenye duka la kona, na kabla hajaitua pasi akakumbuka kwamba bati walilizika lakini rekodi hawakuifuta, kwamba kila redio mtaani ilikuwa wazi, kwamba mlevi akishasema "Fungua mlango" ndipo radi hupiga, naye akaruka kumvuta mtoto huku sauti ya mlevi ikisema, kwa jirani, kwa jirani wa pili, kwenye duka la kona:

"Fungua mlango."

Mshindo wa bati ukapasuka kwenye redio za mtaa mzima. Dirisha likawa jeupe.

"Umeme, mama," binti alisema, na kwa mazoea akaanza kuhesabu. "Mo—"