Nusu ya Maneno ya Mkunga

Kila siku, chakula cha mchana kikishaliwa na vyungu vikishasuguliwa, nyumba ya kina Najiba pale Manakha, mji wa milimani, ilitulia. Baba aliondoka kwenda barazani kwa wenzake, na kaka yake Mutahar alirudi kwenye matuta ya kahawa. Hapo Mama alijinyoosha kwenye godoro la dirishani, akamwita Najiba, akamfumua nywele na kumsuka upya taratibu, huku akimsimulia vituko vya utoto wake: mbuzi aliyekula mahari ya shangazi, na mwaka ule mvua ya mawe ilipovunja madirisha yote ya mtaa.

Najiba alikuwa na miaka kumi na miwili, na saa hiyo ndiyo pekee iliyobaki kuwa yake. Nyingine zote zilikuwa za Ibtisam.

Ibtisam alikuwa mke wa Mutahar, binti wa miaka kumi na tisa kutoka kijiji cha bondeni. Tangu ilipojulikana kuwa ana mimba, mambo yaligeuka. Mfupa wenye uboho, ambao tangu zamani ulikuwa wa Najiba, ukawa wa Ibtisam. Tabaka la juu la mkate wa asali, lile lililolowa samli mpaka linang'aa, likawa la Ibtisam. Hata maji ya moto ya kuoga, Ibtisam kwanza.

"Wifi yako ana mtu tumboni," Mama alisema. "Wewe una nani?"

"Nina njaa," Najiba alijibu, lakini hakuna aliyecheka.

Afadhali alasiri. Ibtisam alivaa gauni lake la rangi ya zabibu, akajifunika ushungi, akaenda kwa Bi Ghaliya, nyumba ya tatu, ambako wanawake wa mtaa walikutana kutafuna mirungi na kuvuta buruma, ile shisha ndefu ya maji. Najiba ndiye aliyemwoshea majani na kuyafunga katika kitambaa kibichi, na aliyaosha upesi upesi ili mwenyewe aondoke.

"Leo sipeleki mengi," Ibtisam alisema siku moja, akicheka. "Kule wananirushia tu. Kila mwanamke akipata kichipukizi laini, hicho, mapajani mwangu! Mja mzito heshima yake hiyo. Ukikataa, utaambiwa unaringa."

Najiba hakucheka naye. Hata heshima hiyo alimwonea kijicho.

Siku hiyohiyo, Ibtisam akiwa ametoka na Mama yuko juu ya dari anaanua nguo, mlango uligongwa. Alikuwa Bi Raufa, mkunga wa zahanati, mkoba begani, viatu vimejaa vumbi.

"Wifi yako yuko wapi, mwanangu?"

"Kwa Bi Ghaliya. Kutafuna."

"Kutafuna! Na tumbo lile?" Bi Raufa alikaa kwenye ngazi bila kukaribishwa. "Ndiyo maana. Juzi nilimpima kwa utepe, tumbo la miezi sita, lakini kipimo ni cha mitano. Nilimuuliza kama anatumia mirungi, akaona haya mbele ya watu, akaniambia 'kidogo'. Sikiliza vizuri, mimi naenda kijiji cha pili na gari linanisubiri. Mwambie hivi: vidonge hivi vya kuongeza damu, kimoja kila siku. Arudi kwangu baada ya wiki mbili. Na la tatu ndilo kubwa: mirungi na buruma aache leo. Si kesho, leo. Mirungi inamkata hamu ya kula na kumbana mishipa, na moshi unambania mtoto hewa. Anayelala na njaa ni yule wa ndani. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Bi Raufa."

Alielewa sana. Alielewa na jambo ambalo mkunga hakulisema: Ibtisam akiacha mirungi, hatakwenda tena kwa Bi Ghaliya. Alasiri zote atakaa nyumbani, kwenye godoro la dirishani, na Mama atamsugua miguu na kumsimulia habari za mbuzi na mahari. Najiba alihisi kitu kinamchoma kifuani kama amemeza kaa la moto.

Jua lilipoinamia milima, Ibtisam alirudi. Najiba alimpa vidonge.

"Kimoja kila siku. Na urudi baada ya wiki mbili."

"Basi?"

"Basi."

Siku tisa zikapita. Najiba aliendelea kuosha majani, lakini sasa macho yake yaliona asiyotaka kuyaona. Ibtisam akirudi kutoka kwa Bi Ghaliya, sahani yake ya jioni haikuguswa. "Nimeshiba," alisema, ilhali hakula. Alilalamika kwamba moyo unamwenda mbio. Mikono yake ilikuwa myembamba kama ya Najiba mwenyewe. Kila mara Najiba alijiambia, kesho nitasema. Kila kesho ilipofika, alimwona Mama akimchagulia Ibtisam nyama iliyonona, na ulimi ukawa mzito.

Siku ya kumi, Ibtisam alirudi mapema. Hakupanda ngazi. Alikaa pale chini, jasho limemtoka usoni, akauvuta mkono wa Najiba na kuuweka tumboni.

"Wifi, hebu sikiliza wewe. Hajacheza tangu asubuhi. Usimwambie Mama, atashtuka. Nimekwambia wewe kwanza."

Najiba alingoja. Chini ya kiganja chake hapakuwa na kitu, ila joto la gauni. Alichomoka akakimbia na mtaa, bila hata viatu, mpaka zahanati.

Bi Raufa alikuja naye mbiombio. Mama alishapata habari kwa kelele za majirani, naye alikuwa amemlaza Ibtisam ubavu wa kushoto. Mkunga alitoa kile kipembe chake cha kusikilizia, akakiweka tumboni, akakihamisha, akakiweka tena.

"Yupo," alisema mwishowe. "Moyo unapiga. Lakini amechoka, na ni mdogo." Alimpa Ibtisam maji ya asali, wakangoja pale kwa muda mrefu, mpaka Ibtisam akashtuka na kushika ubavu. Kiumbe alikuwa amepiga teke, dogo, kama kidole kinachogonga mlango.

Hapo Bi Raufa alikasirika. "Sikuleta maneno mimi? Sikusema uache mirungi na buruma siku ileile?"

Ibtisam alimtazama Najiba. Najiba alikuwa ameganda ukutani. Wifi yake aliyaona macho yale, akafahamu yote, kisha akageukia mkunga.

"Labda niliambiwa nikasahau, Bi Raufa. Siku hizi nasahau sana."

Kama angemzaba kofi, isingemuuma Najiba hivyo. Mtu aliyemwonea wivu mpaka kwenye mfupa wa nyama alikuwa anambebea kosa lake.

"Hakusahau," Najiba alisema. "Sikumwambia. Nilitaka aendelee kwenda kwa Bi Ghaliya, ili mimi nibaki na Mama."

Mama alifunika mdomo kwa ncha ya ushungi. Hakupiga, hakutukana. Alikaa tu akimtazama binti yake kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza, na hilo lilikuwa zito kuliko fimbo.

"Tutayasema hayo baadaye," alisema. "Kwanza tumlinde huyu."

Kuacha hakukuwa rahisi. Siku tatu za kwanza Ibtisam aliumwa kichwa, akawa mkali, akalia bila sababu. "Nitakaa peke yangu mpaka nizae?" alisema. "Nisipokwenda wataninunia. Nikienda watanirushia." Ndipo Mama alipovaa, akamwambia Najiba naye avae, wakaenda watatu kwa Bi Ghaliya.

Chumba kilikuwa kimejaa, moshi umetanda, mashavu yamefura. Hawajakaa vizuri, vichipukizi vikaanza kudondoka mapajani mwa Ibtisam. Najiba aliviokota kimoja kimoja, akamrudishia kila mwenyewe kwa mikono miwili.

"Wifi anashukuru, lakini mkunga amemkataza. Na buruma tunaomba isogezwe huko."

"Loo! Tumeletewa askari!" mmoja alisema, wakaangua kicheko.

"Mimi nimezaa saba na shavu limejaa," Bi Ghaliya alisema. "Huyo Raufa hajanitisha."

"Ulizaa saba, dada yangu," Mama alisema polepole. "Unao watano."

Kicheko kilikatika. Bi Ghaliya aliangalia majani yaliyokuwa mkononi mwake.

"Wale wawili walikuwa wadogo kama njiwa," alisema. "Sikuwahi kujua kwa nini."

"Huenda ilikuwa jambo jingine. Mungu ndiye ajuaye. Lakini hili tumeambiwa, na aliyeambiwa hana udhuru."

Bi Ghaliya aliweka majani yake chini. Kisha alisogeza buruma nje ya mlango kwa mkono wake mwenyewe, akafungua dirisha, akachota zabibu kavu na lozi kwenye sinia, akamrushia Ibtisam mapajani. "Haya, heshima yako hiyo. Ule, nikuone." Wengine wakafuata. Ibtisam akawa anatafuna lozi mpaka taya zinamuuma.

Mtoto alizaliwa mwisho wa msimu wa kuchuma kahawa. Alikuwa msichana, mdogo wa mwili, lakini mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Bi Raufa alimpima, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Si mnene, lakini uzito umefika. Ile miezi mitatu ya kula imemwokoa."

Wageni walijaa, na kila mmoja alitaka kumpakata. Najiba alisimama mlangoni, na lile kaa la moto likamchoma tena kidogo, maana Mama hakuwa na macho ila kwa mjukuu. Mama aliliona. Alimvuta, akamkalisha kando yake.

"Bado unaona wivu?"

"Kidogo, Mama."

"Umesema kweli, na nimefurahi. Wivu huja wenyewe kama njaa, mwanangu. Hata mimi nilikuwa nao. Kosa si kuusikia, kosa ni kuutuma kazi. Mtu akikupa neno umfikishie mwenzio, hasa neno la afya, hiyo ni amana. Ukifikisha nusu, umeiba nusu. Na mama mja mzito akitia kitu kinywani, anakula kwa niaba ya mtu asiyeweza kukataa. Sisi tulio nje ndio tunaoweza kumsemea."

Kwenye godoro Ibtisam alikuwa amemfunga mtoto vizuri katika shuka nyeupe. Alimwinua juu ya vichwa vya wageni wote.

"Shangazi mtu!" aliita. "Njoo umpokee mtoto wako, mimi mikono imechoka."