Nta Mkiani mwa Ndege

Kibondo nzima hakukuwa na mtu aliyejua ndege kumshinda Esteri. Basi, tusizidishe chumvi: ndege yenyewe ilikuwa moja, naye aliijua tumbo tu, maana chini yake ndipo alipokaa kukwepa jua.

Ilikuwa ndege kuukuu ya misheni, miaka ile ya tisini wakimbizi walipokuwa wengi na dawa chache. Ngozi yake haikuwa bati. Ilikuwa kitambaa cha pamba kilichopakwa dawa ya kukaza kikakauka kama ngoma. Kila ilipolala uwanjani, Esteri alitoka shule akaenda kuilinda mbuzi wasiiharibu.

"Umeshindaje, mwenzangu?" aliiuliza kila siku. Ndege haikujibu, lakini nyumbani napo nani alijibu? Mama alikuwa amelazwa Kasulu tangu masika. Alibaki babu Venanti, mrina asali aliyezungumza na nyuki kuliko na watu. Ugali wa watu wawili huliwa kimya sana.

Rubani, Kapteni Nurudini, mtu wa Tanga mwenye kitambi na maneno mengi, alikuwa amemwahidi: "Ukiilinda vizuri, Jumamosi nitakupeleka Kasulu ukamwone mama."

Ijumaa jioni Esteri aliwasikia wenzake wakicheza rede ng'ambo ya uwanja. Akaenda kutazama kidogo tu. Hakuna aliyemwita. Aliporudi alimkuta beberu akijikuna pembe mkiani mwa ndege, na kitambaa kimepasuka tundu la kupitisha kichwa.

Akisema, safari imekufa! Alikimbia nyumbani, akayeyusha nta ya babu, akabandika kipande cha gauni lake la zamani juu ya tundu, akasugua mpaka pakang'aa.

Asubuhi Kapteni alikuja akipiga mluzi. "Mlinzi wangu! Kuna lolote?"

"Hakuna, Kapteni. Hata nzi hakutua."

Nzi kweli hakutua. Walitua nyuki. Kundi zima lilishuka likaning'inia mkiani kama ndevu za mzee. Kapteni akavua kofia, akawachapa, kisha akawapa mgongo na kukimbia.

"Acha, bwana!" akapaza sauti babu Venanti, aliyekuja kumsindikiza mjukuu. "Nyuki hapigwi kofi, si shemeji yako!"

Babu akainama, akanusa. Warina wa kule hupaka nta mdomoni mwa mzinga mpya, nyuki wajue wamekaribishwa.

"Esteri, nani kawaalika wageni hawa?"

"Sijui, babu."

"Wao wanajua. Wamefuata nta yangu. Na maua haya ya gauni nayajua, mama yako alilinunua mnadani."

Kusikia mama akitajwa, Esteri akalia, akaeleza yote. "Niliogopa kuachwa, babu. Kila mtu huondoka akaniacha."

Babu aliwakusanya nyuki taratibu, akawatia kwenye mzinga alioukimbilia nyumbani. Kapteni akarudi, akavuta kiraka. Kikatoka kama ganda la ndizi.

"Angani upepo ungekibandua hivihivi," alisema. "Sijui kama tungefika."

Sindano alikuwa nayo, na kopo la dawa ya kukaza pia, ila kitambaa hakuwa nacho. Akafungua begi, akatoa kanzu yake ya Ijumaa, akaikata pindo. Esteri akashona. Kapteni akapaka dawa tabaka juu ya tabaka, jua likakausha.

"Sikiliza, binti," Kapteni akasema. "Tundu linaloonekana huzibwa. Lililofichwa huua watu. Ukikosea, sema palepale, hata kama unatetemeka."

"Kwa hiyo siendi?"

"Utakwenda. Mama yako hana kosa. Lakini ukirudi, utalinda hata wenzako wakicheza."

"Nami nitakuja kukaa nawe," babu akaongeza. "Mzinga huu nitautundika pale mtini. Ukichoka kuongea na ndege, utaongea na mimi."

Esteri akafuta machozi kwa kiganja. Babu akamgeukia rubani. "Na wewe, Kapteni, nyuki hawakukuuma?"

"Hata mmoja! Mimi husema kweli daima. Sisi watu wa Tanga hatuumwi na vidudu."

"Basi keti tuondoke," Esteri akasema.

Kapteni akapanda, akakitazama kiti kama mtoto anavyotazama sindano. Akakalia upande mmoja, polepole.

"Yalaa!" Akaruka, kichwa kikagonga dari ya ndege.

"Hata mmoja," babu alisema, akitikisa kichwa, "hakukosa shabaha."