Herufi S ya Nne

Jumatatu, tarehe 5 Machi 1962, saa moja na dakika kumi asubuhi, ajida wa jandarmeri, askari mwenye cheo, aliweka karatasi moja juu ya meza ya Barnabé, katika kiwanda cha kupiga chapa, Jadotville. Ilikuwa laissez-passer, kibali cha kupandia treni, imeokotwa stesheni alfajiri. Mhuri wa uongo, sahihi ya uongo. Lakini herufi za kichwa chake zilikuwa nzuri mno.

Barnabé, mkuu wa wapanga herufi, alizitambua zile herufi kabla hajavaa miwani. Nguzo nene, kisha mstari mwembamba kama uzi, na chini vikanyagio bapa, kila herufi imesimama kama mama aliyevaa kwenda misa. Kiwandani waliziita Madame. Zilitoka Ubelgiji, na kazi yake ilikuwa kadi za arusi, komunio ya kwanza na matangazo ya kilio. Nani angethubutu kuzichapia bei ya samaki? Mji mzima kasha la Madame lilikuwa moja tu, hapohapo. Tena ile S ya mwisho karatasini ilikuwa na pengo dogo mkiani.

"Funguo za hapa iko kwa nani?" ajida akauliza.

"Iko mbili tu. Moja iko kwangu, ingine kwa Firmin."

"Huyo Firmin ni Muluba?"

Mwezi ule Waluba walikuwa wakisakwa na kufukuzwa kazini, ndiyo maana walitafuta karatasi za kutorokea. Barnabé angeweza kusema mengi. Alisema, "Ndiyo, Muluba."

Basi, likatosha. Firmin, aliyepanga herufi kando yake miaka saba, alichukuliwa aproni yake ikiwa kiunoni. Kesho saa tisa mchana treni ingempeleka Élisabethville, na waliopelekwa kule kwa kosa kama hilo hawakuwa wakirudi. "Ukiniletea mwingine, huyu atatoka," ajida alisema mlangoni.

Saa nne Georgette, mke wa Firmin, akafika. "Tata Barnabé, jana Firmin alikuwa Mulungwishi, kwa mama yake mugonjwa. Jandarme hawatamusadiki. Lakini weye, hukumuuliza?"

Hakumuuliza. Ndipo kwa aibu akaanza upelelezi aliopaswa kuufanya kabla ya kufungua mdomo.

Kwanza mashine. Jumamosi jioni ilioshwa. Sasa wino ulikuwa bado mbichi. Kwa hiyo kazi ilifanyika Jumapili. Akamwita Urbain, mwendesha mashine.

"Jumapili ulikuwa wapi?"

"Kwenye arusi ya jirani yangu Hilaire, Tata. Tena minye kusoma sijue. Herufi inapangwa kinyume, nitaipanga namna gani?"

Kweli tupu. Barnabé alishinda akiuliza huku na kule, bure. Jumanne saa sita kasoro akaisoma upya ile karatasi aliyoachiwa na ajida: LAISSEZ-PASSER. S nne. Akavuta droo ya Madame. S tatu, zote nzima. Akahesabu tena, zikabaki tatu. Nyingine zilikuwa zimechakaa zikayeyushwa zamani. Ya nne ilitoka wapi?

Kiwanda kilikuwa na desturi. Mfanyakazi akioa, kadi zake hupigwa kwa Madame, na patron, mwenye kiwanda, humpa bibi arusi herufi ya kwanza ya jina lake, imeviringishwa kitambaa. Patron, mkono wa birika yule, siku zote alichagua yenye pengo. Georgette alipewa G. Mke wa Barnabé aliitwa Sidonie.

Kikulacho ki nguoni mwako. Kila Jumapili alipovaa suruali ya kwaya, ufunguo ulibaki ndani ya suruali ya kazi. Na kupanga herufi alimfundisha Sidonie yeye mwenyewe, siku za uchumba, akijigamba.

Saa sita na nusu alimkuta Sidonie akisonga bukari.

"Nipe S yako."

Sidonie alifuta mikono, akafungua sanduku la nguo. Kwenye mikunjo ya ile herufi wino ulikuwa bado.

"Njo weye?"

"Njo minye. Nilipiga sita, moja ikaanguka stesheni. Zile tano Alphonsine, ule mukunga Muluba, na batoto wake walipita nazo. Alphonsine alinizalisha François wetu, siku weye uko kazini."

"Sababu gani hukuniambia?"

"Kila nikianza habari ya Waluba unasema ni mambo yao, haituangalie." Akalifunga sanduku. "Ya Firmin nilisikia jana. Nilingoja urudi kwa jandarme kuwaambia huna hakika. Haukurudi. Basi nitaenda minye."

"Apana. Mutoto ananyonya," Barnabé alisema, akaifumbata S.

Saa nane na nusu alikuwa mbele ya ajida. Ajida aliilinganisha herufi na karatasi aliyoirudisha Barnabé. Pengo lilikuwa lilelile.

"Lakini jana ulisema Firmin."

"Nilisema jina lake kwa woga. Ufunguo uliofungua ni wangu."

Firmin alitolewa, aproni mkononi, jicho moja limevimba.

"Unisamehe, Firmin."

"Miaka saba, Tata," Firmin alisema polepole. "Hukuniuliza hata mara moja nilikuwa wapi."

Akapita, akaenda kwa Georgette aliyesimama barabarani. Ajida alivuta karatasi safi ya wafungwa wa treni, akamwuliza Barnabé jina lake linaandikwaje, naye akaanza kumtajia herufi moja moja.