Nusu ya Nyuma ya Paa

Kila siku alipotoka shuleni, Chiriku alifuata mpango uleule. Alivua sare na kuitundika msumarini, akanawa mikono hadi viwikoni, akampelekea mama bakuli la uji mwepesi, kisha akatoka uani kumsaidia baba kazi za trela. Chiriku halikuwa jina alilozaliwa nalo. Majirani ndio waliompa, kwa sababu tangu anapoamka mpaka anapolala mdomo wake haukujua likizo. Baba yake, ambaye alikuwa seremala, alipenda kusema kwamba binti huyo angeweza kupiga soga na ukuta, na ukuta ukachoka kwanza.

Mama alikuwa mgonjwa. Uvimbe ulimtoka shingoni, mwanzoni ukiwa kama punje ya harage, baadaye kama yai, na sauti yake ikakauka kidogo kidogo mpaka ukabaki mnong'ono. Daktari wa hospitali kuu, iliyokuwa mwendo wa siku mbili kwa gari, alimpangia matibabu ya mionzi kila siku kwa wiki sita. Wagonjwa wa mionzi hawakulazwa. Walitibiwa, kisha kila mmoja akarudi alikofikia. Mama hakuwa na pa kufikia. Alipokwenda kupimwa mara ya kwanza, alilala siku nne kwenye benchi la varanda ya hospitali, akarudi miguu imejaa maji na macho yamezama.

"Benchi lile silirudii," alinong'ona siku hiyo, akiwa bado hajavua viatu. "Kama ni kufa, acheni nifie kitandani kwangu."

Hapo ndipo baba alipokwenda kuomba trela. Lilikuwa trela dogo la magurudumu mawili, ambalo zamani wapimaji wa barabara walilala ndani yake walipokuwa kazini mbali na mji. Lilikuwa limetelekezwa kwenye yadi yao, rangi imebabuka, panya wamelifanya nyumba ya kurithi. Mjomba, yaani kaka yake mama, alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Alilikokota kwa pikapu yake hadi uani, akashuka, akalizunguka mara mbili akikuna kidevu.

"Shemeji," alimwambia baba, "hiki ni chuma chakavu chenye milango."

"Mlango ni mmoja tu," baba alimjibu. "Usiliongezee sifa."

Walicheka, na kazi ikaanza. Mjomba alichomelea fremu ya chini iliyokuwa na nyufa, akabadilisha beringi za magurudumu na kuzijaza grisi mpya, akaunganisha taa za nyuma. Baba aling'oa mbao zilizooza, akaweka sakafu mpya ya plaiwudi, akatengeneza kitanda cha kukunja chenye mgongo unaoinuliwa, maana mama hakuweza tena kulala chali bila kukohoa. Pembeni mwa mlango alifunga mpini wa kushikia. Kwa kuwa ndani kulikuwa na joto, mjomba alitoboa tundu la hewa kwenye paa, upande wa nyuma, akalifunika kwa kofia ya bati na kuziba kingo zake kwa gundi.

Kazi ya Chiriku ilikuwa paa. Paa hilo lilikuwa la mabati mawili yaliyokutana katikati, na mshono wake ulianzia mbele na kuishia nyuma. Gundi ya zamani ilikuwa imekauka na kupasuka. Baba alipanda naye ngazi akamwonyesha.

"Unakwangua gundi kuukuu yote mpaka uone bati linang'aa. Unapangusa vumbi. Unaacha pakauke. Kisha unapaka gundi mpya, kesho unarudia mkono wa pili. Ukipaka juu ya uchafu, gundi inashika uchafu, haishiki bati. Umenielewa?"

"Nimeelewa, baba. Bati ling'ae, vumbi litoke, pakauke, mikono miwili."

Alianza vizuri. Alikwangua nusu ya mbele mpaka vidole vikamwuma, akapangusa, akapaka. Siku iliyofuata alikuwa amefika katikati wakati wasichana wenzake walipomwita kutoka nje ya ua. Mwalimu wa michezo alikuwa anachagua timu ya netiboli jioni hiyohiyo. Chiriku aliitazama nusu ya nyuma iliyobaki, akalitazama jua. Aliikamua gundi haraka juu ya gundi kuukuu na vumbi lake, akaisawazisha kwa kidole mpaka ikapendeza. Kwa macho, hungeweza kujua ipi ni mbele na ipi ni nyuma.

"Umemaliza?" baba aliuliza, akiwa ameinamia randa.

"Nimemaliza, baba. Nimekwangua yote."

"Hongera, fundi wangu."

Alikimbia uwanjani na akachaguliwa. Kwa siku mbili tatu neno hilo, fundi wangu, lilimkereketa kama punje ya mchanga kiatuni. Kisha akalisahau.

Zilipobaki siku tano kabla ya safari, mvua ilianza. Ilinyesha mchana na usiku kwa siku tatu, na hakuna aliyelifungua trela, kwani kila kitu kilikuwa tayari ndani: godoro, mablanketi, jiko dogo, dumu la maji. Mvua ilipokatika, baba aliingia na ufagio. Chiriku alisikia sauti ya mbao zikipasuka, akakimbilia kwenye trela.

Alimkuta baba amezama mguu mmoja hadi gotini kwenye sakafu. Maji yalikuwa yamepita kwenye paa upande wa nyuma, yakanywewa na sponji iliyokuwa kati ya bati na mbao za ukuta, yakashuka polepole chini ya kitanda. Plaiwudi ilikuwa imevimba na kuachana tabaka kwa tabaka. Godoro lilikuwa zito kiasi kwamba watu wawili hawakuweza kulinyanyua. Ukutani, ukungu wa kijani ulikuwa umeanza kuota, na daktari alikuwa ameonya kwamba kifua cha mama hakiwezi kuhimili ukungu.

Mjomba alifika mchana huo na pikapu yake. Baba alimpokea mlangoni pa ua.

"Ni lile tundu lako," baba alisema.

"Tundu gani?"

"Lile ulilotoboa nyuma. Maji yameingia nyuma. Mbele pakavu. Nani mwingine aliyegusa nyuma?"

"Kingo za tundu niliziziba kwa mikono yangu, shemeji. Panda ukatazame."

"Nitazame nini? Dada yako amebakiza siku mbili asafiri, na mimi sina sakafu. Umeniulia mgonjwa kwa haraka zako."

Mjomba alisimama kama aliyepigwa kofi. Alirudi kwenye pikapu, akageuza, akaondoka. Chiriku alikuwa amesimama kando ya ngazi. Alijiambia kwamba atasema jioni, na jioni ilipofika akajiambia kwamba atasema kesho.

Siku mbili hizo baba alikuwa kama mtu aliyepotewa na akili. Alitafuta gari lingine, hakupata. Aliwaza kumpeleka mama kwa basi, lakini mama alishindwa hata kukaa wima mezani. Alipiga simu hospitali, akaongea na karani, na Chiriku akasikia upande mmoja tu wa mazungumzo.

"Ndiyo... naelewa mashine ni moja... Wiki nne? Dada, wiki nne ni nyingi mno. Naomba tu... Ndiyo. Naelewa."

Aliweka simu mezani, akakaa, akaziangalia kucha zake.

Siku ya kuondoka ilipambazuka, ikapita. Alasiri Chiriku aliingia chumbani na uji, akamkuta mama amefungua begi la safari. Alikuwa akitoa nguo moja moja na kuzirudisha kabatini: kanga mbili, sweta, taulo, soksi. Kila alipotundika nguo alipumzika kidogo, mkono mmoja ukutani. Hakulia. Alifanya hivyo taratibu, kama mtu anayepanga mambo yake ili wengine wasipate taabu baadaye.

"Weka hapo, mwanangu," alinong'ona bila kugeuka. "Nitakunywa."

Chiriku aliweka bakuli, akatoka. Alikuwa ameacha kuongea tangu siku ya ugomvi, na nyumbani kila mtu alidhani ni huzuni. Shuleni alijitoa kwenye timu bila kutoa sababu. Alikuwa ameanza kuamini kwamba mama atakufa, na kwamba aliyemuua ni yeye, na kwamba hakuna mtu mwingine duniani atakayejua.

Kesho yake, badala ya kurudi nyumbani, alikwenda moja kwa moja kwenye karakana ya mjomba. Mjomba alikuwa amevaa miwani myeusi, cheche zikiruka miguuni pake. Alipomwona alizima mashine na kuinua miwani.

"Mama yako vipi?"

"Mjomba, si tundu lako," Chiriku alisema. "Ni mimi. Nusu ya nyuma sikukwangua. Nilipaka juu juu nikaenda kucheza. Nikamwambia baba nimekwangua yote."

Mjomba alivua glavu polepole, akazipanga juu ya meza.

"Ulikuwepo siku ile aliponiambia yale maneno?"

"Nilikuwepo."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza, mjomba."

Uso wa mjomba ulikuwa mgumu, kisha ukalegea, na ukabaki na uchovu tu. "Twende kwenu."

"Siwezi kumwambia baba."

"Nitasimama nyuma yako. Lakini kusema, utasema wewe."

Baba aliyasikiliza yote akiwa amesimama uani. Hakufoka. Aliiegemeza ngazi kwenye trela, akapanda, akaikwangua gundi ya nyuma kwa ukucha wa kidole gumba. Ilibanduka ndefu, laini, kama utando juu ya maziwa yaliyochemshwa, na chini yake kulikuwa na vumbi lilelile la zamani. Alilitazama tundu la hewa. Kingo zake zilikuwa zimezibwa barabara, hazikupitisha hata tone. Alishuka, utando wa gundi ukimning'inia mkononi.

"Shemeji," alisema, na ikawa taabu kwake kuinua macho, "nimekukosea. Nilikutupia neno ambalo mtu hamtupii hata adui. Nisamehe."

"Ulikuwa na uchungu," mjomba alisema. "Mimi pia ningetafuta wa kumlaumu."

Baba akamgeukia Chiriku. "Na wewe umenikosea, tena sana. Lakini na mimi ni fundi, nami sikupanda ngazi kukagua. Kesho utapanda tena. Mara hii nitakuwa juu pamoja nawe."

Walikuwa na wiki nne kabla ya miadi mpya, na walizitumia zote. Shule ilipofungwa, Chiriku alishinda kwenye trela tangu asubuhi. Waling'oa mbao za ukuta, wakatoa sponji iliyooza, wakaacha fremu ikauke kwa jua siku tisa. Waliweka sakafu upya na kuipaka rangi ya mafuta pande zote mbili. Chiriku alikwangua mshono wote, mbele na nyuma, mpaka bati likamwonyesha uso wake mwenyewe. Alipaka mkono wa kwanza, akasubiri, akapaka wa pili. Kisha mjomba alimwaga maji kwa mpira juu ya paa kwa saa nzima, na Chiriku akakaa ndani na tochi akimulika kila pembe. Hakuna kilichodondoka. Hakufurahi kama alivyotarajia. Kila jioni alimwona mama ameshindwa kumaliza hata nusu ya uji.

Mjomba aliwakokota kwa pikapu yake siku mbili hadi hospitalini, wakaruhusiwa kuegesha nyuma ya jengo la kufulia. Daktari alimpima mama, akaangalia picha mpya, akamwita baba na Chiriku ndani.

"Uvimbe umekua," alisema. "Badala ya wiki sita tutatibu wiki nane, na matibabu yatamchosha zaidi. Hatujachelewa kiasi cha kushindwa. Lakini tumechelewa."

Chiriku aliyabeba maneno hayo mpaka kwenye trela na hakujua ayaweke wapi. Siku ya tatu ya matibabu, mchana, mvua kubwa ilinyesha. Mama alikuwa amelala kwenye kitanda chake, mgongo umeinuliwa, shingo imewekewa alama za wino. Chiriku alikaa chini, macho darini.

"Hakuvuji," mama alinong'ona.

"Mama, zile wiki nne. Hazirudi."

"Hazirudi. Sitakudanganya kwamba hazina uzito. Ninazo hapa shingoni." Alimeza mate kwa shida, akaendelea. "Lakini sikiliza. Kuchoka kazi si ajabu, na kutaka kucheza si kosa. Hata paa likivuja, huzibwa. Kilichotuumiza ni neno moja: 'yote'. Ungemwambia baba yako siku ile, nusu imebaki, angepanda ngazi, na leo ningekuwa karibu namaliza matibabu. Mtu anayeitegemea kazi yako anaona kile tu unachomwambia. Kazi isipokwisha, sema haijaisha. Na ukikosea, sema kabla mwingine hajabeba mzigo wako, kama alivyoubeba mjomba wako."

"Nitasema, mama."

"Najua. Umeshaanza."

Ilichukua wiki nane kamili, na nyingine sita za kupona. Uvimbe ulisinyaa ukarudi kuwa punje, na daktari akasema ataendelea kuuangalia kila baada ya miezi mitatu. Sauti ya mama ilirudi nusu tu, ya mikwaruzo, na haikupona zaidi ya hapo.

Lakini hayo yalikuwa bado mbele. Mchana ule, mvua ilipokatika, mama alisinzia. Chiriku alitoka nje, akaiegemeza ngazi kwenye trela. Hakuna aliyemtuma. Baba alipomwona aliacha alichokuwa akifanya, akaja kuishika ngazi isiteleze. Chiriku alianza nyuma, akaupitisha mkono juu ya mshono wote hadi mbele, pole pole.

"Vipi?" baba aliuliza kutoka chini.

"Karibu na tundu la hewa kuna sehemu moja siiamini," Chiriku alisema. "Naomba upande uiangalie."