Usaili wa Moyo

Wa kwanza kusikia harufu ya nywele zilizoungua katika ofisi ile ya Gulberg, Lahore, alikuwa Nuzhat Lodhi, na aliisikia katikati ya usaili, mchana kweupe. Akageuka kuangalia hita ya gesi. Ilikuwa imezimwa.

"Una familia?" Zoraiz, mwenye kampuni, alimwuliza mwombaji kazi kwa simu iliyowekwa spika.

"Nilikuwa nayo. Sasa natafuta nyingine," sauti ilijibu taratibu.

"Unaweza kufanya kazi mpaka saa ngapi?"

"Mimi silali."

"Na wenye pesa zaidi wakikuita?"

"Nikishaingia mahali, sitoki."

Zoraiz akawatazama wenzake macho yakimng'aa. Mwombaji alijiita Samandar, na hakuwa ametuma picha wala cheti. Hilo halikumsumbua Zoraiz. Kijana huyo alikuwa amekaa ng'ambo miaka miwili, akarudi na maneno ya miaka ishirini, na kila mahali alijigamba kwamba yeye haajiri vyeti, anaajiri moyo. Ukutani, kwa herufi kubwa za kijani, palikuwa na maadili ya kampuni: SISI NI FAMILIA. KAZINI NDIKO NYUMBANI. HATUACHANI. Aliyeyatunga ni Nuzhat, msimamizi wa ajira, alasiri moja kabla ya wenye mitaji kufika, huku akitafuna karanga. Kampuni yenyewe ilitengeneza programu ya simu ya kuwatafutia watu mafundi cherehani, lakini ukiwasikiliza ungedhani wanaanzisha dini. Kila mwajiriwa mpya alisimama mbele ya ukuta ule, akaweka mkono kifuani, akaapa, akatia saini, akapigiwa makofi.

"Mpelekee barua leo hii hii," Zoraiz alisema. "Mtu kama huyu hapatikani mara mbili."

Nuzhat akaituma. Saini ikarudi kabla hajaondoa kidole kwenye kitufe.

Samandar hakuonekana hata siku moja, ila kazi yake ilionekana, nyingi na safi. Meza aliyotengewa karibu na dirisha ilikaa tupu, lakini aliyekigusa kiti chake alikikuta kina joto. Zoraiz alisema watu wa vipaji ndivyo walivyo.

Kisha Ambreen, mchoraji wao, akaacha kazi ili aolewe. Jumatatu Nuzhat alipofungua kufuli alimkuta ameketi mezani pake, miguu peku, nyayo zimechanika, vumbi la barabara ya Shahdara limemjaa mpaka magotini.

"Sikuja mwenyewe, dada Nuzhat," alinong'ona. "Nimeletwa. Njia nzima Samandar alikuwa ananisomea kiapo nilichotia saini."

Baba yake akamchukua. Kesho yake alikuwa pale tena, na keshokutwa. Wa pili na wa tatu walipojaribu kuacha kazi yakawakuta yale yale, na tangu hapo hakuna aliyethubutu. Zoraiz akawaandikia wenye mitaji kwamba kwake hakuna anayeacha kazi. Hakuwa amedanganya.

Lakini aliyemnyima Nuzhat usingizi alikuwa kaka yake, Tauqeer. Mtu mzima wa miaka arobaini na minne, benki ilikuwa imempunguza kazini, akakaa nyumbani miaka mitatu akisikiliza masimango ya wakwe. Nuzhat ndiye aliyemwingiza humu kuwapigia simu mafundi. Siku ya kiapo Tauqeer alilia mbele ya vijana wale wote bila kuona haya. Sasa alikuwa haendi tena nyumbani. Mashavu yalikuwa yamebonyea, na pete ya ndoa ilikuwa inamvuka kidoleni. Chapati za paratha zenye figili alizoletewa na dada yake zilikauka mezani.

"Kaka, twende. Watoto wanakuulizia."

"Niko nyumbani."

"Acha mzaha."

"Mzaha gani, mdogo wangu? Si wewe uliyeyaandika pale?" Akainamisha kichwa. "Punguza sauti. Samandar ana kazi."

Nuzhat akamshika mkono, akauachia upesi. Ulikuwa wa moto, na ulinuka nywele zilizoungua. Akaingia chooni akalia mpaka akaishiwa pumzi, kisha akaenda mtaa wa Mozang kumtafuta Hafiz Rafaqat, mtengeneza miwani anayejulikana kwa kuwasomea watu wenye majini.

Hafiz alisoma Aya ya Kursi pale ofisini mpaka midomo ikamkauka. Hakuna kilichotikisika.

"Jini huyu hakuvamia," akasema. "Mlimhoji, mkampa barua. Jamaa zake waliungua zamani kwenye kiwanja hiki, naye alikuwa peke yake mpaka mlipomwita. Atawaachia tu wale wasioamini. Kila aliyeapa aikane ahadi kwa kinywa chake, na aseme kweli. Mwongo hatamsikia."

"Niseme hayo mbele ya wafanyakazi wangu?" Zoraiz aliuliza.

"Kaka yangu anakufa, Zoraiz," Nuzhat akasema.

Zoraiz akakubali. Alfajiri ile yeye mwenyewe alikuwa ameamkia kwenye ngazi za ofisi, bila viatu.

Walisimama mbele ya ukuta saa sita mchana, moshi wa majira ya baridi umelifunika jiji mpaka dirishani hapaonekani hata mti wa jirani, taa zikififia na kurudi, na kile kiti cha karibu na dirisha kikianza kulia polepole kama kimekaliwa na mtu mzito anayejigeuza ili asikie vizuri. Zoraiz akasema kwamba hao si familia yake, kwamba mtaji usingekuja angewafukuza nusu, na alipomaliza akashusha pumzi, amepona. Ambreen akasema alitaka mshahara tu. Mmoja baada ya mwingine wakasema, na kila mmoja akajisikia mwepesi, na harufu ikamwacha, ikasogea kwa aliyefuata, mpaka zamu ya Nuzhat, akakiri kwamba aliyatunga akitafuna karanga, na hakuamini hata neno moja.

"Kaka, zamu yako."

"Ninyi si familia yangu," Tauqeer akasema.

Hafiz akatikisa kichwa. "Hajasikika. Anadanganya."

"Umewasikia wenyewe, kaka. Hakuna hata mmoja aliyemaanisha."

"Nimewasikia. Lakini miaka mitatu hakuna aliyeniita kwa jina langu, Nuzhat. Hapa mlinisimamisha mkanipigia makofi. Na wewe ulikuwa unanidanganya?"

Nuzhat aliona njia moja tu, akaifuata. "Ndiyo. Zoraiz hakukutaka. Nilimpigia magoti. Makofi yale yalikuwa ya huruma. Hakuna aliyekutaka hapa."

Nuzhat akaomba kimoyomoyo kaka yake avunjike, avunjike tu, atamtengeneza baadaye.

Ile simu ya usaili, ambayo hakuna aliyeigusa, ikaongea.

"Mimi nilimtaka."

Tauqeer akafumba macho. Alipoyafumbua alikuwa anatabasamu, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa wiki nzima, na akaanza kutembea kuelekea dirishani. Taa zikazima. Watu wakakanyagana kukimbilia mlango, Hafiz akamburuta Nuzhat kwa shali, na mlango ukajifunga nyuma yao.

Polisi waliuvunja jioni na hawakukuta mtu. Lakini kabla hawajafika Nuzhat alikuwa amepiga magoti nje, akiwasikia ndani watu wawili wakiongea kwa sauti ya chini, wasio na haraka, mmoja akicheka kile kicheko cha kaka yake cha zamani. Akaweka mkono kifuani. Akaapa sisi ni familia, akaapa hatuachani, akiamini safari hii kila neno, akaapa tena na tena mpaka sauti ikamkauka.

Maongezi ndani yakakatika. Simu yake ikatetemeka mkononi, na ujumbe ulikuwa ni ule ule aliokuwa akiwatumia walioshindwa usaili.

"Asante kwa kuomba kujiunga nasi. Nafasi imeshajazwa."